Malhamu ya Kinyozi wa Majengo

Abdulatif alinyoa kwa wembe. Katika miaka iliyofuata uhuru, vinyozi wengi wa Nyeri walikuwa wamehamia mkasi na mashine ya mkono, kwa kuwa vijana walitaka nywele zirefuke na kuchongwa pembeni. Yeye alibaki na wazee, wale wakulima waliokuja mjini siku ya Jumamosi wakitaka kipara kilichotakata, kwa maana kesho yake wangeingia kanisani, na hakuna mwanamume wa huko anayeingia kanisani na kofia kichwani.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja huko Majengo: kiti cha chuma, benchi la kungojea, kioo kilichoanza kuota madoa pembezoni. Mimi nilipanga chumba kilichofuata baada ya kumaliza mafunzo yangu ya ushonaji. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa mbao, na mengi ninayoyaeleza niliyasikia kupitia ukuta huo. Mengine nilisimuliwa na mkewe, Mwanaisha, na yaliyobaki nilisimuliwa na Abdulatif mwenyewe, alipokuwa ameacha kujali ni nani anayejua.

Kinyozi wa wembe hawezi kukwepa kukata. Zamani Abdulatif alizuia damu kwa shabu, lile jiwe jeupe linalofinya ngozi na kuchoma hadi mtu mzima akakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Kisha mwuza dawa mmoja mjini akamwonyesha malhamu ya neomaisini, antibiotiki ya kupaka, iliyosifiwa wakati ule kwa kuzuia jeraha lisitunge usaha. Haikuchoma hata kidogo. Abdulatif aliipenda kama fundi anavyopenda chombo kipya. Hakungoja hata aone penye damu; akimaliza kila kichwa alikamua malhamu kwenye kiganja na kuisugua kwa vidole vitatu kuanzia paji la uso hadi kisogoni, mpaka kichwa king'ae. Juu ya mlango aliandikisha KINYOZI WA DAWA. Wazee walijitazama kiooni wakaridhika, na karatasi nyembamba ya maelezo iliyokunjwa ndani ya kila kisanduku cha malhamu aliitumia kufutia povu kwenye wembe.

Miongoni mwa wazee hao alikuwapo Simeon Wamae, mkulima wa kahawa kutoka Gakindu, upande wa Mukurweini, na mzee wa kanisa lake. Wamae alikuwa mteja, kisha rafiki, kisha akawa mtu ambaye hakuna aliyekumbuka urafiki wake ulianza lini. Alipenda kungoja mpaka wengine wote wanyolewe ili wabaki wawili na chai.

"Baba Wacera," Abdulatif angemwambia, "kichwa chako kina mabonde kuliko Mukurweini. Wembe unapanda, unashuka, unachoka."

"Wewe nyoa tu, Abdu. Hiyo mabonde ndiyo inashika akili isimwagike."

Sikukuu ya Idd, Wamae na mkewe Waithira walikuja Majengo na gunia la nduma za kuchemsha. Krismasi, Abdulatif alikwenda Gakindu na kisu chake amchinje mbuzi yeye mwenyewe, ili sufuria iwe moja na wote wale. Jambo hilo halikuwahi kujadiliwa. Lilifanyika tu mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo Wacera, binti mkubwa wa Wamae, alipochumbiwa na kijana wa Kiriaini, mpango ulitamkwa mle dukani kama jambo lililokwisha kuamuliwa.

"Asubuhi ya harusi utakuja uninyoe nyumbani," Wamae alisema. "Halafu ukimaliza mimi, uende kwa mbuzi."

"Nisichanganye, tu."

"Ukichanganya, mbuzi ndiye ataingiza msichana kanisani."

Niliwasikia wakicheka mpaka Abdulatif akaanza kukohoa.

Huo ulikuwa mwaka ambao kahawa ilipanda bei kuliko wakati wowote watu waliokumbuka. Wakulima walinunua mabati, redio na suti. Ndio mwaka ambao kichwa cha Wamae kilianza kuwasha. Kwanza palitokea vipele juu ya sikio. Kisha ngozi ikawa nyekundu, ikatoa majimaji, ikakauka na kubanduka magamba, na kabla haijapona ikaanza tena mahali pengine.

"Inawasha, Abdu. Hata kulala siwezi."

"Ni wembe umekukwaruza. Nitakuongezea dawa."

Alimwongezea. Akampa na tyubu nzima aende nayo nyumbani, apake asubuhi na jioni, wala hakukubali alipwe. Wamae, aliyekuwa mtu wa kufuata maagizo, alipaka asubuhi na jioni. Hali ilizidi. Badala ya kuja kila baada ya majuma mawili akawa anakuja kila Jumamosi, na kila Jumamosi Abdulatif alimpaka kwa upole mwingi kuliko ile iliyotangulia.

Haukupita muda mrefu, vidole vya Abdulatif vikaanza. Vilikuwa vile vile vitatu vya mkono wa kulia. Vipele vilitokea katikati ya vidole, vikapasuka, vikachuruzika maji; ngozi ikakatika kwenye viungo kiasi kwamba kufunga ngumi kulimtoa machozi. Alifanya alichokijua. Alipaka malhamu usiku, akafunga kitambaa. Asubuhi vidole vilikuwa vibaya zaidi, naye akaamua kwamba dawa ilikuwa kidogo.

Mtu aliyekaa mbali angeweza kujiuliza ni kitu gani kilichogusa kichwa kile na vidole vile kwa pamoja. Abdulatif aliona jibu moja tu. Ugonjwa uliokuwa mkononi mwake ulifanana na ule uliokuwa kichwani mwa Wamae, na wa Wamae ulitangulia. Kwa hiyo Wamae alikuwa amemwambukiza. Mwanaisha aliniambia kwamba mumewe alilitafakari jambo hilo kwa siku nyingi bila kumwambia mtu, na kwamba huenda angeendelea kunyamaza kama wateja wasingeona vidole.

Jumamosi ile benchi lilikuwa limejaa. Theuri, muuza nyama mwenye sauti ya kunadi, ndiye aliyekuwa kitini.

"Fundi, hivyo vidole vimefanya nini? Ama ni wewe unapikia Mama Saumu siku hizi?"

"Ni baridi tu."

"Baridi gani inatoa maji? Mimi kichwa yangu naipenda, bwana. Shika wembe na ule mkono mwingine."

Watu walicheka, lakini mmoja alisimama akasema amekumbuka kitu sokoni. Mwingine akamfuata. Abdulatif aliwatazama wakitoka. Kiti kile ndicho kilichowalisha yeye, mkewe na Saumu, binti yake aliyekuwa shuleni, naye alijua kwamba kinyozi akishasemwa ana ugonjwa, watu hawarudi kuuliza kama amepona. Wakati huo huo Wamae akaingia, akawasalimu wote, akaweka kifurushi cha ndizi kwenye kona ya benchi na kuvua kofia.

Kichwa kilionekana vibaya sana kwenye mwanga wa mlangoni.

"Baba Wacera," Abdulatif akasema, "vaa kofia yako."

"Kwani zamu yangu haijafika? Nitangoja, mimi sina haraka."

"Si zamu. Sikunyoi. Hicho kichwa kina ugonjwa, na ndicho kilichonipa hivi." Akauinua mkono wake juu ili benchi zima lione. "Mimi sina ugonjwa. Nimeambukizwa nikifanya kazi."

Wamae alibaki ameishika kofia kifuani. "Abdu, ningekuwa na ugonjwa ningekuletea wewe?"

Hapo ndipo Theuri alipopata nafasi yake. Choa za kichwani sisi huziita mashilingi, kwa sababu ya umbo lake la duara.

"Si mnaona kahawa imepanda bei?" alisema. "Mzee amevuna mpaka mashilingi yanaota kichwani."

Benchi liliangua kicheko. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu ndani yake nilitambua sauti ya Abdulatif. Baadaye alinieleza kwamba hakucheka kwa kuwa maneno yale yalimfurahisha. Alicheka kwa nafuu, kwa kuwa macho yote yalikuwa yameuacha mkono wake na kukiangukia kichwa cha mwenzake. Katika yote aliyoyajutia, hilo ndilo alilolirudia mara nyingi zaidi.

Wamae alivaa kofia, akaishusha mpaka masikioni, akatoka. Ndizi aliziacha.

Waliokuwa kwenye benchi walitoka kila upande wa wilaya, wawili wao Gakindu. Jina lilimtangulia Wamae nyumbani. Jumapili iliyofuata hakuvua kofia, kwa hiyo hakuingia kanisani. Na kwa kuwa mzee wa kanisa asiyeingia kanisani huulizwa sababu, alijiuzulu kabla ya kuulizwa. Watoto walioangalia mbuzi kando ya barabara walimwita Mashilingi, kwanza nyuma yake, kisha mbele yake.

Harusi ilikuwa imebakiza majuma matatu. Hakuna mtu aliyetumwa Majengo kumwambia Abdulatif asije.

"Baba Saumu," Mwanaisha alimwambia Alhamisi ya juma lenyewe, "kisu umekinoa?"

"Nitachinja na vidole hivi? Watu wakatae nyama siku ya harusi ya msichana?"

"Basi twende bila kisu. Ukae, ule, umwombe mwenzako radhi."

"Radhi ya nini? Ni mimi niliyeambukizwa."

Mwanaisha aliinuka. Alikwenda kukunja kanga aliyomnunulia Wacera, akairudisha sandukuni. Jumamosi ile ya harusi Abdulatif alifungua duka kama kawaida, akakaa kwenye kiti chake cha chuma, kwa sababu hakuna aliyekuja.

Maana ugonjwa ulikuwa umepanda mpaka nyuma ya kiganja. Wamae alikuwa ameacha kuja. Ikiwa yeye ndiye chanzo, vidole vilipaswa kupata nafuu. Havikupata. Mwanaisha ndiye aliyelitamka hilo, akalirudia, na mwishowe akamfunga mkono kwa kitambaa safi na kumpeleka hospitali, alikokuwapo kwa juma hilo daktari wa ngozi aliyetoka Nairobi.

Daktari hakuanza na vidole. Alimwuliza kazi yake, kisha akamwuliza ni kitu gani anachokishika kila siku. Abdulatif alitaja sabuni, wembe, maji, na kwa fahari kidogo akataja malhamu. Daktari akamwomba aende akailete. Alipaka tone lake kwenye kitambaa kidogo akakibandika mgongoni mwa Abdulatif, na kando yake akabandika kingine chenye mafuta matupu, akamwambia arudi baada ya siku mbili bila kuoga mgongo. Aliporudi, palipokuwa na mafuta matupu ngozi ilikuwa salama. Palipokuwa na malhamu palikuwa pekundu, pamevimba, na pameota vipele vile vile.

"Huu si ugonjwa uliotoka kwa mtu," daktari alimwambia. "Ni mzio. Mwili wako unaikataa hii neomaisini."

"Lakini ni dawa."

"Ni dawa, na wengi huipaka bila taabu. Ila ukiipaka mara kwa mara, hasa juu ya ngozi iliyokatwa, miili ya baadhi ya watu huanza kuipinga, na ikishaanza haiachi. Ubaya wake ni kwamba mzio wenyewe unafanana na kidonda. Mtu anaona kidonda, anaongeza dawa."

Mwanaisha alisema kwamba mumewe aliutazama mkono wake kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Na mwingine," hatimaye akauliza, "akipata hivi kichwani?"

"Kichwani alipakwa nini?"

Abdulatif aliuliza, "Inaambukiza?"

"Hapana. Mzio haumwambukizi mtu, hata mkilala mto mmoja."

Kutoka hospitali hadi Majengo ni mwendo mfupi, lakini Mwanaisha alisema walisimama mara kadhaa njiani. Tyubu zilizobaki Abdulatif alizitia kwenye shimo la choo. Akatafuta jiwe lake la shabu, akaliweka mbele ya kioo. Vidole vilianza kukauka ndani ya majuma machache bila kupakwa kitu chochote isipokuwa mafuta ya kawaida, na kadiri vilivyozidi kupona ndivyo alivyozidi kuwa mkimya, kwa maana kila alipoitazama ngozi mpya aliona kwamba kichwa cha Wamae nacho kingepona hivyo hivyo, kama tu angekiacha.

Alikwenda Gakindu siku ya katikati ya juma, akiwa peke yake, katika pikapu ya Kingori, jirani yetu, aliyekuwa akipeleka mbolea. Alimkuta Wamae uani akirekebisha kikapu cha kuchumia kahawa, kofia ikiwa kichwani. Waithira alileta chai, akawawekea kikombe kila mmoja, akaingia ndani bila kukaa nao.

Abdulatif alieleza yote: vitambaa viwili vya mgongoni, maneno ya daktari, malhamu. Hakuyapamba. Alisema, "Ile tyubu niliyokupa, ndiyo iliyokuwa ikikuumiza. Na mimi ndiyo iliyoniumiza. Hukuniambukiza kitu, Baba Wacera. Ni mimi niliyekuletea."

Wamae alimaliza kupitisha ufito aliokuwa ameshika. Kisha akavua kofia. Nywele zilikuwa zimeota, nyeupe na nzito, na chini yake hapakuwa na alama yoyote.

"Ilipona," alisema. "Kwako sikuja tena, na ile tyubu ikaisha. Waithira alisema ni majani yake ya kuchemsha. Mimi nikasema sawa, ni majani."

"Nisamehe. Sikujua hiyo dawa."

"Dawa mimi sikukasirikia." Alisema polepole, bila ukali. "Hiyo dawa haikuongea, Abdu. Wewe ndio uliongea. Na ukacheka."

"Nilicheka."

"Ningekuwa nimesikia Theuri peke yake, ningerudi Jumamosi ingine."

Walikunywa chai. Baadaye Abdulatif akamwuliza habari za harusi, kwa kuwa kutouliza kungekuwa vibaya zaidi. Wamae akamjibu kwamba ilikuwa nzuri. Ndugu yake ndiye aliyemwingiza Wacera kanisani. Yeye aliketi nje kwenye kiti, upande wa dirisha, na nyimbo zote alizisikia.

"Ni nani aliyesema ukae nje?"

"Ni mimi niliamua. Kofia singetoa." Akaivaa tena. "Sasa mimi nimesikia maneno yako. Enda uambie na huyo msichana. Tangu harusi hajakuja hapa nyumbani. Sijui ni nini."

Hakumwambia arudi, wala hakumwambia asirudi. Alimsindikiza mpaka barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote.

Juma lililofuata Abdulatif alikwenda Kiriaini. Duka la wakwe wa Wacera liko karibu na soko, na Wacera alikuwa nyuma ya kaunta akipima sukari. Alipomwona alisimamisha mkono.

"Baba Saumu. Kwenye harusi hukuja."

"Sikuja, mwanangu. Nimekuja sasa."

Alisubiri mteja atoke, kisha akamweleza kama alivyomweleza baba yake. Wacera alimsikiliza akiwa ameinamisha uso kwenye mizani.

"Ile ya kichwa," aliuliza, "haikuwa inaambukiza?"

"Haikuwa."

"Hata siku ya harusi?"

"Hata siku ile."

"Kwa hivyo angeingia."

"Angeingia, ndiyo. Ameniambia ni yeye mwenyewe aliyeamua kukaa nje kwa ajili ya kofia."

Wacera aliinua macho. "Hivyo ndivyo alikwambia?"

"Ndivyo."

"Si yeye aliamua." Alichukua kitambaa akaanza kuipangusa sahani ya mizani, ambayo haikuwa na uchafu. "Huku watu walikuwa wamesikia. Mama mkwe alisema wageni wake hawatakula mahali kuna huo ugonjwa. Asubuhi nikiwa nimevaa nguo, nilienda nikamwambia, Baba, tafadhali, leo kaa nje. Akasema sawa. Akachukua kiti mwenyewe."

Abdulatif alinieleza kwamba kwa muda alitafuta neno la kumwambia mtoto yule aliyemfahamu tangu akibebwa mgongoni, na kila neno alilolipata lilikuwa limekwisha kutumika kwa baba yake. Alisema tu kwamba kosa lilikuwa lake. Wacera akatikisa kichwa. Haikujulikana kama alikuwa akikubali au akikataa.

Alimwita shemeji yake kutoka nyuma aje akae dukani. Alivua aproni, akaitundika kwenye msumari, akachukua sweta.

"Gari la kwenda Mukurweini bado liko?" alimwuliza Abdulatif.

"Nimeliona likijaza abiria."

"Basi acha nikimbie kwetu."

Hakumwambia waende pamoja. Abdulatif alimtazama akivuka barabara bila kulikwepa tope, akazungumza na kondakta, akapanda. Yeye alibaki upande wa pili, penye magari yanayorudi Nyeri, akavaa kofia yake kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.